Sebule Yangu Kwenye Simu za Watu

Ulikuwa ule mwaka ambao sisi watu wa Kitale, sisi wenye mahindi, tulikula viazi vitamu asubuhi na jioni kama watu waliolazwa hospitalini. Unga ulipanda ukakaa huko juu, na sisi tukabaki chini tukiuangalia. Tulikula viazi, tukala nduma, tukala maboga ambayo zamani tulikuwa tunawatupia ng'ombe, na ng'ombe nao wakatuangalia vibaya. Nyumba ikisongwa ugali, jirani alisikia mwiko ukigonga sufuria, na saa ileile mtoto wake akatumwa kuja kuomba chumvi. Muulize mtu yeyote wa mtaa wetu wa Kibomet kuhusu mwaka wa viazi, atakuambia. Lakini mimi naukumbuka kwa jambo lingine. Ndio mwaka ambao sebule yangu iliisha watu.

Nianze na televisheni. Niliinunua kwa mahindi. Shamba letu liko nje ya mji, kule panapoitwa Kwanza, na msimu mmoja mvua ilikuja kwa adabu, mahindi yakanenepa kama mkono wa mtu, na marehemu mzee wangu akataka tununue ng'ombe wa pili wa maziwa. Nikamwambia huyo ng'ombe hatatusomea habari. Tukaenda mjini kwa duka la Kalasinga, mzee wa kilemba cha samawati, akatuwekea televisheni juu ya meza, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa kama mtungi wa pombe ya busaa. Akaipapasa mgongo kama mtu anayeuza fahali. "Mama," akasema, "hii itakaa kuliko mimi." Na kweli, yeye alitangulia, televisheni ikabaki. Leo duka ni la mjukuu wake. Pale mbele palipokuwa na televisheni pana simu ndani ya kabati la kioo, na televisheni zenyewe, siku hizi nyembamba kama sinia, zimetundikwa huko nyuma karibu na pasi. Ukiuliza bei ya televisheni, kijana anakujibu bila kuacha kuangalia simu.

Basi kwa miaka mingi mimi nilikuwa mwenye televisheni. Msicheke. Kuna watu wenye magari, kuna wenye vyeo kanisani. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na cheo changu kilikuwa rimoti. Niliifunga ndani ya nailoni ya mkate isiingie vumbi, nikakaa nayo mapajani kama askofu na fimbo yake. Hakuna aliyeigusa. Hata mzee wangu, Mungu amrehemu, aliniomba, "Mama, tuongezee sauti," nami nikaongeza kidogo tu, ili ajue.

Saa moja jioni watu walikuja. Viatu mlangoni. Watoto chini kwenye mkeka, wanaume kwenye benchi, wanawake kwenye viti vyenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Wakati wa habari hakuna kuongea, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa naongea na wabunge. Mbunge akisema barabara itatengenezwa, namwonyesha kidole. "Mwongo! Hebu kwanza pita nayo wewe!" Watu walikuwa wanapenda sana, au mimi nilidhani wanapenda. Baada ya habari ulikuja mchezo wa kuigiza wa kigeni, ule wa matajiri, umetiwa Kiswahili kisichoshika midomo yao, na tulilia kwa ajili ya watu ambao hata nchi yao hatukuweza kuitamka. Matangazo yakianza, mimi nasimama. Nawaeleza waliochelewa yaliyopita, kisha natabiri yatakayokuja. "Huyu msichana ataolewa na adui wa baba yake. Andikeni!" Nilikuwa nakosea kila mara. Kuna mwanamume mmoja wa ule mchezo nilimzika kabisa, nikamlilia, nikawaambia watu wamsahau, na Jumatatu akatokea mlangoni na ndevu. Haikunizuia. Walinibandika jina, Kukhu wa Tivi, na mimi nilijibu nikiitwa hivyo. Kukhu ni nyanya, kwa lugha yetu.

Televisheni ikiugua, daktari wake alikuwa mkwe wangu. Binti yangu ameolewa Bungoma, pale Kanduyi, na mume wake alikuwa fundi wa televisheni anayesifiwa mpaka huku kwetu. Sasa, sisi Wabukusu tuna mambo yetu. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaangaliani usoni. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na mimi siwezi kulala kwa nyumba yake hata mvua ikinyesha mawe. Si chuki. Ni heshima, na heshima ni kazi kama kazi nyingine. Kwa hiyo akija na mke wake kutengeneza, alisimama kwanza langoni akakohoa. Ana kikohozi chake, kifupi, kama mtu anayebisha hodi kwa koo. Nikikisikia, najitupia leso kichwani, natokea mlango wa jikoni, naenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na kibanda cha kuku, mgongo nimeupa ukuta. Kutoka huko namwelezea ugonjwa kwa kupiga kelele, nikimpitishia binti yangu kama desturi inavyotaka.

"Mwambie picha inateremka kama maji!"

"Mwambie mama nimesikia," linajibu dirisha.

"Mwambie sauti nayo ina mafua! Na mwambie asiguse rimoti!"

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na mkwe wangu. Mimi nilimjua kwa kikohozi na bisibisi. Yeye alinijua kama mdomo ulioko nyuma ya ukuta.

Sasa turudi kwa mwaka wa viazi. Wa kwanza kuondoka walikuwa vijana. Hao sikuwajali, walikuwa wanakula njugu na kuacha maganda. Kisha fundi wa viatu, ambaye benchi langu lilikuwa limeshika umbo la makalio yake, akaanza kusema mgongo unamuuma. Kisha Mama Mboga. Huyo ndiye rafiki yangu, kibanda chake kiko hapo njiani, na alikuwa na kiti chake kabisa, cha pili kutoka kwa mwenye rimoti. Nilimngoja siku ya kwanza. Siku ya pili nikamfuata.

"Kukhu, leo nimechoka," akasema.

"Jana pia ulichoka."

"Si ni ile ya jana inaendelea."

Nilirudi nyumbani nikanusa vitambaa vya viti. Nilifikiri labda nyumba yangu inanuka paka. Nikavifua vyote, nikavianika juu ya ua watu waone. Hawakuja. Nikachemsha njugu. Nikala njugu peke yangu, tumbo likanisumbua mpaka habari za michezo. Nikaongeza sauti ya televisheni isikike njiani, na jirani akatuma mtoto aniulize kama kuna msiba. Mwishowe nikaigeuza televisheni yenyewe ikaangalia mlangoni, nikaacha mlango wazi, mimi nimekaa kando yake kama mtu anayeuza nyanya. Watu walipita shingo zimeinama, uso unang'aa kwa mwanga wa simu, wakanisalimia "Mulembe, Kukhu," na miguu haikusimama. Walioingia ni kuku, na hao hawakutoa viatu.

Na televisheni yenyewe haikunisaidia. Nikimkuta mtu nikaanza kumweleza habari ya jioni, ananiambia, "Kukhu, hiyo ilikuwa asubuhi, niliiona kwa simu." Habari ya saa moja ilikuwa imegeuka kiporo. Tena wale watangazaji wenyewe, watu niliokuwa nawapigia pasi leso kabla ya kuwaangalia, wakaanza kutuambia wakimaliza, "Tufuatilieni zaidi mtandaoni." Mwenye duka gani hukutuma kwa duka lingine? Niliwaonyesha kidole. Hapakuwa na mtu wa kuniona nikiwaonyesha.

Msidhani ni burudani niliyokuwa naililia. Mtu wa umri wangu, mume amekwenda, watoto wameoa na kuolewa, hana kitu kinacholeta watu mlangoni. Mwenye ng'ombe huletewa chupa ya maziwa ijazwe. Mwenye pesa huletewa shida. Mimi nilikuwa na saa moja jioni peke yake. Ikiondoka hiyo, mimi ni mwanamke mzee katika nyumba yenye viti vingi.

Alasiri moja nilikwenda kuchukua sukuma. Mama Mboga alikuwa anakata, kisu kimesimama katikati ya jani, anacheka peke yake mpaka machozi. Aliponiona akasukuma simu chini ya rundo la mboga.

"Unacheka nini?"

"Hakuna kitu, Kukhu. Nimekumbuka tu."

"Umekumbuka nini?"

"Nimesahau."

Ng'ambo ya njia fundi wa viatu naye alikuwa anatingisha mabega. Na hapo ndipo nilisikia, kutoka simu yake na kutoka chini ya sukuma, mahali pawili kwa wakati mmoja, sauti yangu. "Viatu mlangoni! Wewe, hiyo ni miguu ama ni jembe?" Nilijishika mdomo. Nilifikiri nimesema bila kujua, kama wazee wanavyoanza.

"Toa hiyo simu," nikamwambia Mama Mboga.

"Kukhu, chukua sukuma ya bure uende."

"Toa."

Akaitoa, maji ya mboga yanadondoka. Ndani kulikuwa na mwanamke mkubwa, leso mbili, kitambaa cha kichwa kimefungwa mbele kama pembe, ameketi kitako, na mkononi rimoti ndani ya nailoni ya mkate. Anamfokea mbunge. Anasimama, anasukuma viti, anatabiri, "Huyu atakufa leo, andikeni!" na yule mtu hafi. Nitawaambia ukweli ingawa unaniuma. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kibanda. Nikasema, "Huyu mwanamke ni mjinga kweli! Wamemtoa wapi?"

Mama Mboga aliangalia kabichi zake. Fundi wa viatu alikuwa ameshavuka njia aje kuona, naye akaangalia kabichi.

"Kukhu," akasema Mama Mboga polepole, "si ni wewe."

"Mimi nani?"

"Kukhu wa Tivi. Watu wote wanamwangalia. Hata Bungoma, hata Nairobi. Tulijua utakasirika."

Niliangalia tena. Ile rimoti. Ule mguu wangu wa kushoto ninaouvuta kidogo. Lakini mikono ilikuwa na manyoya, na chini ya kitambaa kulikuwa na kidevu kilichonyolewa. Ni mwanamume. Kisha yule mwanamume akakohoa. Kifupi. Kama mtu anayebisha hodi kwa koo.

Mama yangu mzazi! Nilikuwa nimemkodolea macho mkwe wangu usoni, mbele ya watu, kando ya njia. Nilichomoa leso kiunoni nikaitupa juu ya simu, nikageuka nikaipa mgongo, mikono kifuani.

"Kukhu, yeye hakuoni," akasema fundi wa viatu.

"Lakini mimi nimemwona!"

"Basi nizime?"

"Zima! Ngoja. Usizime. Anasema nini sasa?"

Kwa hiyo nilisimama pale, mgongo kwa simu iliyofunikwa, nikasikiliza mpaka mwisho. Na ukweli ni kwamba alikuwa ananiweza. Kila pumzi. Mtu uliyekatazwa kumwangalia, unamsikiliza kuliko wote, na yule kijana alikuwa amenisikiliza miaka yote hiyo kupitia ukutani, na yasiyosikika bila shaka aliambiwa na binti yangu. Watu wa Kibomet hawakuchoka nami. Walitoka sebuleni kwangu wakaenda kutazama sebule yangu. Kila mtu na ya kwake mkononi, peke yake kitandani, hatoi viatu.

Jumamosi nilikuwa Kanduyi. Sikumpigia binti yangu kumwarifu, nilitaka niwakute hivyo hivyo. Nilikuwa nimepanga maneno njia yote, maneno makali, mengine nilikuwa sijayatumia tangu mzee wangu alipouza jembe la kukokotwa bila kuniambia. Pale barabarani karakana ya mkwe ilikuwa imefunguliwa nusu. Ndani, televisheni zimepangwa mpaka dari, zile za kisogo kama yangu, kila moja na kijikaratasi cha mwenyewe aliyeileta na asirudi. Moja ilikuwa imefunguliwa mgongo, na ndani yake kuku amekalia kiota. Aliniangalia kama mimi ndiye nimeingia kwake bila hodi.

Nikasikia viti vikianguka. Mkwe alikuwa ameniona kivuli, akatimuka kupita nyuma. Mimi nami nikajifunika nikakimbilia jiko la nje. Binti yangu alinikuta nimeketi juu ya kigoda nahema.

"Mama! Mbona hata hukupiga simu?"

"Usinitajie simu. Mume wako yuko wapi?"

"Yuko hapo nyuma ya ukuta."

Ulikuwa ukuta wa mabati. Kikohozi kikapita ndani yake.

"Mwambie mume wako nimekuja," nikasema.

"Mwambie mama, mulembe," yakajibu mabati.

"Muulize nani alimpa ruhusa kuvaa leso."

"Mwambie mama leso ni ya mke wangu."

"Muulize kama nilimpa binti ama nilimpa kabati la nguo!"

"Lakini nyinyi si mnasikiana!" akasema binti yangu. "Mimi nina chungu motoni."

"Nyamaza, hii ni heshima," tukasema, mimi na mabati, kwa pamoja. Ndilo jambo la kwanza tulilowahi kukubaliana.

Binti yangu akaenda kwa chungu chake akinung'unika. Akarudi na maji ya kunawa, kisha na sahani. Nilifunua kifuniko. Ugali. Mweupe, wa moto, umesimama kama kilima, na ubavuni mwake kipande cha kuku na mchuzi. Mwaka ule! Sikuwa nimeona ugali mkubwa hivyo tangu mavuno. Nilikata tonge kabla sijakumbuka kwamba nimekuja kugombana.

"Unga mmetoa wapi?" nikauliza mdomo umejaa.

Aliangalia ukuta wa mabati.

Nikaelewa. Nikameza. Nilikuwa nakula mdomo wangu mwenyewe.

"Mwambie mama," mabati yakaanza, sauti sasa imeshuka, "watu hawaleti tena televisheni. Ikiharibika wanaisukuma chini ya kitanda wanachukua simu. Nilikaa hapa siku nyingi bisibisi mfukoni, naangalia barabara. Mwambie siku moja nilikuwa naongea na hizi televisheni zilizoachwa. Naziuliza, 'Nyinyi nyote wenyewe wako wapi?' Nikaongea kwa sauti ya mama, kujichekesha tu. Mtoto akanichukua video kwa simu, akaituma. Jioni watu walikuwa wanaomba nyingine."

Kuku wa televisheni akapiga kelele, nadhani ametaga.

"Mwambie sasa ndiyo kazi, mtandao unalipa. Karo inatoka hapo, chakula kinatoka hapo. Lakini mwambie mama, heshima ni yake. Akisema niache, naacha leo hii, hata kabla hajamaliza kula."

Binti yangu alikuwa amesimama na ndoo ya maji mkononi na hakuiweka chini. Nilijua anangoja nini. Nikisema acha, ule moto unazimwa. Nikisema endelea, Kukhu wa Tivi atabaki kichekesho cha nchi nzima, na viti vyangu vitakaa vitupu mpaka vitambaa vioze. Maneno yote niliyopanga njiani yalikuwa hapa kooni, na ugali ulikuwa unateremka kati yake bila kuyajali.

Nikachovya tonge lingine.

"Mwambie," nikasema, "mimi siketi nimepanua miguu hivyo."

Nikalamba mchuzi kidoleni.

"Mwambie leso yangu ninaipiga pasi. Yake ina mikunjo kama ya mtu aliyelala sokoni. Mwambie nikimfokea mbunge natumia kidole kimoja, si mkono wote, mimi si askari wa barabarani. Na matako amezidisha. Mwambie apunguze mto mmoja."

"Mwambie mama nimesikia," yakasema mabati, na nikasikia mtu mzima anacheka huku amejiziba mdomo. Binti yangu akaweka ndoo chini, akaketi juu yake vibaya, akamwaga nusu ya maji.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri, nirudi nyumbani nimeshiba na heshima yangu. Lakini mkwe akaona mlango umefunguka kidogo, akataka kuingiza mguu mzima.

"Mwambie mama kuna jambo lingine. Watu wanauliza kila siku kama huyu Kukhu yuko kweli. Wanataka kumwona mwenyewe. Aingie mara moja tu. Nitamwekea simu hapo mlangoni, mimi niende mbali mpaka uwanjani. Hata aingie kwa mgongo."

Nikaweka sahani chini.

"Mwambie hivi, na asiongeze neno. Mimi siingii kwa simu. Anayetaka kuniona aje kwangu, atoe viatu, akae chini, nimpe chai."

"Mwambie mama nimesikia," akasema. Nilipaswa kuogopa jinsi alivyosema haraka.

Nilirudi Kibomet nikitembea vizuri sana, hata ule mguu wa kushoto nilijaribu kuubeba. Nikamwambia Mama Mboga nimewanyoosha. Siku kadhaa baadaye akaniita kibandani, akalaza simu kifudifudi juu ya viazi. Ndivyo tulivyopatana, kwa sababu sauti haina uso. Nikaipa mgongo tukasikiliza. Mkwe alikuwa mimi, anaombwa aingie kwa simu. Naye akasema yale maneno, hakuongeza hata moja. Watu walikuwa wamecheka, Mama Mboga aliniambia, wamecheka na kuandika na kuulizana, huyu anakaa wapi?

Jumapili iliyofuata, saa moja jioni ikikaribia, nilikuwa nimeketi peke yangu nangoja habari, nikasikia miguu. Si miguu ya kuku. Mama Mboga aliingia wa kwanza akaenda moja kwa moja kwa kiti chake kama mtu aliyetoka chooni. Nyuma yake fundi wa viatu na ule mgongo wake uliopona. Nyuma yao wasichana wa mjini nisiowajua, nywele za rangi, na waendesha bodaboda, na mwanamke aliyebeba mtoto akasema ametoka Kwanza.

"Tumekuja chai, Kukhu," wakasema.

"Nani amewaita?"

"Si ni wewe! Ulisema kwa simu."

Na walitoa viatu, bana. Vilijaa mlangoni mpaka njiani, fundi wa viatu akivikagua kwa jicho la kazi. Nilichemsha sufuria kubwa ya maziwa, nikaongeza maji, nikaongeza maji tena. Sukari niliyokuwa nimeficha ndani ya kabati la Biblia ilitoka yote. Benchi lilijaa, mkeka ulijaa. Roho yangu ilijaa zaidi, siwezi kudanganya. Nikaketi kwa kiti changu, nikachukua rimoti, nikaongeza sauti.

Habari ikaanza. Mbunge akatokea akiahidi maji. Nikainua kidole, nikafungua mdomo, kisha nikaona kitu. Hakuna aliyekuwa anaiangalia televisheni. Wote walikuwa wameipa kisogo, vikombe mikononi, wananiangalia mimi.

Kidole kilibaki hewani. Miaka yote hiyo nilikuwa nawafokea wabunge bila kufikiri, sasa nikashindwa hata kukumbuka ninaanzaje. "Mwongo," nikasema. Ilitoka kidogo, kama mtu anayeuliza bei. Nikajaribu kutabiri, nikasema huyo mbunge atashinda tena. Watu wakanywa chai. Msichana mmoja wa nywele nyekundu akamwinamia mwenzake akidhani sisikii.

"Huyu ni sawa tu," akanong'ona, "lakini yule wa kwa simu anamshinda."

Mama Mboga alijitia kukohoa ndani ya kikombe. Mimi nilicheka. Nifanye nini? Nyumba ilikuwa yangu, televisheni yangu, mdomo wangu, na bado nilikuwa nimeshindwa kuwa mimi na mtu aliyekatazwa kuniangalia. Nilipocheka, wao wakaangua kicheko, na kwa muda kidogo ikawa kama zamani, isipokuwa yule mbunge alikuwa anaahidi maji kwa ukuta.

Ndipo yule wa nywele nyekundu akainua simu yake, akaninyooshea.

"Kukhu, kaa hivyo hivyo. Nikuweke kidogo tu."

Nikajifunika uso kwa leso. "Mimi siingii kwa simu. Anayetaka kuniona aje kwangu, atoe viatu, akae chini, nimpe chai."

"Kukhu, nyamaza!" Mama Mboga akanivuta mkono. "Si ndiyo hayo maneno yaliyotuletea hawa wote? Sukari imeisha, na maziwa ni maji matupu. Kesho watakuja kutoka Bungoma!"

"Tafadhali, Kukhu," akasema msichana, simu bado iko juu, taa yake nyekundu ya kurekodi inawaka. "Mara moja tu. Viatu si nimetoa? Chai si nimekunywa?"

Nikatoa leso usoni ili anisikie vizuri.

"Mimi siingii kwa simu. Anayetaka kuniona aje kwangu, atoe viatu, akae chini, nimpe chai."